Tindo Linapasuka Kila Ukilizima? Mwongozo Kamili wa Kukaza Chuma

Vipande vinavyoletwa kwangu ni vya aina mbili. Cha kwanza kina ufa mwembamba kama unywele karibu na makali, mwenyewe anasema alisikia "tik!" ndani ya ndoo akajua kazi imekwisha. Cha pili hakina ufa, kinang'aa vizuri tu, ila kikigongwa mara tatu makali yanajikunja kama bati. Wa kwanza analaumu maji. Wa pili analaumu chuma. Nikiwauliza walifanyaje, jibu linafanana: "Nilikipasha mpaka kikawa chekundu sana, nikatumbukiza."

Hapo kwenye "chekundu sana" ndipo mambo yalipoharibika. Ufa unaoonekana baada ya kuzima, yaani kutumbukiza chuma cha moto kwenye mafuta au maji kipoe ghafla, huwa umeshaandaliwa ndani ya moto, na mara nyingine hata kabla ya moto, kwenye jiwe la kusagia. Mwongozo huu unafuata tindo moja la kukatia chuma, tangu likiwa springi ya gari hadi linapokata bila kuumia. Patasi, kisu na senta panchi (ya kutia alama kwenye chuma) hupita njia hiyohiyo, tofauti kubwa ikiwa joto la mwisho.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuwasha moto

- Chuma chenye kaboni ya kutosha. Springi ya gari ni chaguo zuri kwa sababu ina kaboni ya takriban asilimia 0.6. Chukua yenye unene wa milimita 12 hadi 16. Chuma laini cha kuchomelea mageti hakikazi hata ukiimba, na nondo haitabiriki.
- Vipande vitatu vya majaribio, urefu wa kidole, vilivyokatwa kwenye springi ileile. Usiviruke hivi.
- Jiko la mkaa lenye mvukuto au la gesi.
- Sumaku iliyofungwa kwenye waya mrefu.
- Mafuta ya kupikia, lita 5 au zaidi, ndani ya chombo cha chuma chenye mfuniko. Ndoo ya plastiki itatoboka. Oili chafu ya injini ina moshi wenye sumu, iache.
- Koleo linaloshika bila kuteleza, tupa kali, msasa, glavu za ngozi, miwani ya kukinga macho na ndoo ya mchanga mkavu wa kuzimia moto.
- Oveni yenye kipimajoto, na taa ya gesi ya kupashia.
- Mahali penye kivuli. Juani chuma kilichoiva huonekana bado cheusi, nawe utaendelea kukichochea.

Onyo moja mapema: usitie motoni kitu chochote kilichopakwa zinki. Moshi wake mweupe unaleta homa na kubana kifua.

## Kinachotokea ndani ya chuma

Soma sehemu hii hata kama una haraka, kwa sababu kila hatua inayofuata imesimama juu yake.

Chuma ni fuwele. Atomu zake zimejipanga safu kwa safu, na ukichukua kipande chochote utakuta ni mkusanyiko wa chembe nyingi ndogo, kila chembe ikiwa na mpangilio wake. Chini ya nyuzi 727 za sentigredi, matundu kati ya atomu hizo ni membamba hivi kwamba kaboni karibu haina pa kukaa. Ukipita joto hilo, atomu zinajipanga upya kwa namna inayoacha matundu mapana zaidi, na kaboni inayeyuka ndani kama sukari kwenye chai ya moto. Hali hiyo huitwa ostenaiti.

Ukikipoza polepole, kaboni inapata muda wa kutoka na kujikusanya pembeni, na chuma kinarudi kuwa laini. Ukikipoza ghafla, kaboni inanaswa kabla haijatoka. Atomu za chuma zinataka kurudi kwenye mpangilio wa zamani, kaboni inazizuia, na matokeo yake ni mpangilio uliovutwa upande mmoja. Hiyo ndiyo matensaiti, na ndiyo yenye ugumu unaoutafuta.

Sasa ugumu wenyewe unatoka wapi? Katika fuwele yoyote kuna safu zinazokatika katikati, kama mstari wa vigae uliofika mahali ukakosa mwenzake. Kasoro hiyo huitwa dislokesheni. Chuma laini kinapokunjwa, kasoro hizi ndizo zinazoteleza, moja baada ya nyingine. Ukiunganisha urefu wake wote ndani ya sentimita moja ya ujazo ya chuma kilicholainishwa, unapata makumi au mamia ya kilomita. Katika matensaiti zinapita kilomita milioni moja. Zimesongamana, zimekanyagana, na kaboni imekaa njiani. Hakuna inayoweza kuteleza, kwa hiyo chuma hakikunjiki.

Kwa maneno mengine, unapozima tindo unanunua kasoro kwa makusudi. Bei yake ni hii: matensaiti inachukua nafasi kubwa kuliko ostenaiti, hadi asilimia 4 hivi ya ujazo. Ngozi ya nje inabadilika kwanza na kuwa ngumu kama kioo. Sekunde chache baadaye moyo wa ndani nao unabadilika, unavimba, unaisukuma ile ngozi ambayo haiwezi tena kunyooka. Ikiwa kuna mahali dhaifu, ngozi inaachia hapo. Huo ndio mlio wa "tik" ndani ya ndoo.

## Hatua ya 1: Unda tindo na uondoe kila kona kali

Nyoosha springi ikiwa nyekundu, kata urefu unaotaka, fua ncha iwe bapa, kisha acha ipoe yenyewe. Usifue chuma ambacho wekundu umeshafifia, kinapasuka ndani usione.

Saga umbo, lakini usimalize makali. Acha ukingo wenye unene wa milimita 1 hivi. Ukingo mwembamba kama wembe unaiva kabla ya sehemu nyingine, unazidi moto, unapoteza kaboni, halafu unajipinda au kupasuka kwenye mafuta.

Kisha pitisha msasa kufuata urefu wa tindo mpaka mikwaruzo yote ya jiwe inayokata upana ipotee. Kona zote ziwe duara kidogo. Mkwaruzo unaokatiza ni sawa na alama ya mkasi kwenye kitambaa: ukivuta, panachanika palepale. Niliwahi kugonga herufi ya jina langu karibu na makali kwa kujivuna, na ufa ukaanza kwenye mguu wa herufi ukaenda hadi ukingoni, umenyooka kana kwamba nimeuchora kwa rula. Alama siku hizi naiweka kichwani kwa tindo, mahali pasipozimwa.

Umefaulu ikiwa: ukipitisha ukucha juu ya uso mzima haukwami popote.

## Hatua ya 2: Tuliza chuma mara tatu

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Kufua kwa joto kubwa kunakuza chembe za fuwele, na chembe kubwa zina mipaka mirefu iliyonyooka ambayo ufa hupita kama barabara ya lami. Unataka chembe ndogo, ili ufa ukianza ugeuzwe-geuzwe hadi uchoke.

Pasha tindo zima hadi lipite kidogo joto la sumaku (nitalieleza hatua ya 4), litoe, liache lipoe kwenye hewa tulivu hadi weusi urudi kabisa. Rudia mara ya pili kwa joto la chini kidogo, na mara ya tatu chini zaidi, palepale sumaku inapoachia. Kila mara chuma kinapovuka ile nyuzi 727, chembe mpya zinazaliwa, na zikizaliwa kwenye joto dogo hazina nafasi ya kunenepa.

Usiliweke kwenye chuma baridi wala sakafu yenye maji. Lining'inize.

## Hatua ya 3: Vunja vipande vya majaribio

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kipande kilichovunjika kinafundisha kuliko maelezo yangu yote.

Chukua vile vipande vitatu. Cha kwanza kipashe kupita kiasi kwa makusudi, hadi rangi ya chungwa inayoelekea manjano, kiache hapo dakika chache, kisha kizime kwenye mafuta. Cha pili kipashe hadi kiasi sahihi (soma hatua ya 4 na 5 kwanza) na kukizima bila kukituliza. Cha tatu kitulize mara tatu kama hatua ya 2, kisha kizime.

Vifunge kimojakimoja ndani ya kitambaa kizito, kibane nusu kwenye jiliwa, vaa miwani, gonga. Kitambaa si mapambo. Vipande hivi vinaruka kama risasi.

Sasa viweke sambamba kwenye mwanga. Uso wa mvunjiko wa kipande cha kwanza unametameta, una punje unazoweza kuzihesabu kwa macho, kama sukari iliyomwagika. Kilivunjika kwa pigo dogo, pengine hukuhitaji hata nyundo nzito. Cha tatu ni kijivu kisichong'aa, laini kama kigae cha kaure kilichovunjika, na kilikataa mapigo kadhaa kabla ya kuachia. Cha pili kitakuwa kati ya hivyo viwili, karibu na kimoja au kingine kulingana na kipande kilivyopashwa kiwandani na kwenye moto wako.

Chuma ni kilekile. Kaboni ni ileile. Mafuta ni yaleyale. Ukishaona tofauti hiyo kwa macho yako, hutatumia tena neno "chekundu sana".

Umefaulu ikiwa: kipande cha tatu kina uso wa kijivu usio na punje. Kama kina punje, moto wako unazidi. Rudia kwa joto la chini kabla hujagusa tindo lenyewe. Kama hakikuvunjika bali kilikunjika, hukufikia joto au chuma hakina kaboni ya kutosha.

## Hatua ya 4: Pasha kwa ajili ya kuzima

Pasha sentimita 6 za mwisho tu, upande wa makali. Kichwa kinachogongwa na nyundo lazima kibaki laini: chuma kigumu kikigonga chuma kigumu, vibanzi huruka, na jicho halina spea.

Weka sehemu nene kwenye moto kwanza, makali yafuate. Geuza mara kwa mara. Rangi ikifika wekundu wa cheri iliyoiva, anza kugusa kwa sumaku. Chuma hupoteza usumaku kwenye nyuzi 770. Sumaku ikiacha kushika, bado hujafika. Springi inataka nyuzi 830 hadi 850 hivi, yaani mng'ao uliozidi kidogo ule wa hapo.

Kuna alama nyingine, na mimi naiamini kuliko sumaku. Ukiwa kivulini, tazama chuma kinapopanda joto: utaona vivuli vyeusi vinatembea ndani ya wekundu, kama mawingu yanayopita juu ya shamba. Ni pale chuma kinapobadilisha mpangilio wa atomu na kumeza joto bila kupanda. Vivuli vikishatoweka na rangi ikawa moja kote, mabadiliko yamekwisha. Subiri rangi ing'ae kidogo zaidi, iweke hapo dakika moja au mbili ili kaboni isambae, kisha nenda.

Usiache chuma kizurure kwenye moto. Kila dakika ya ziada hewa inakula kaboni ya ngozi, na chembe zinanenepa.

## Hatua ya 5: Zima

Mafuta yawe na joto la nyuzi 50 hadi 60. Inashangaza wengi, lakini mafuta baridi ni mazito, hayatembei upesi, na yanapoza taratibu kuliko ya vuguvugu. Yapashe kwa kuchovya kipande cha chuma cha moto. Hakikisha hakuna hata tone la maji ndani. Maji yakizama chini yanachemka ghafla na kurusha mafuta.

Kutoka motoni hadi ndani ya mafuta isipite sekunde mbili. Chombo kiwe miguuni pako, si upande wa pili wa karakana.

Ingiza tindo likiwa wima, makali chini, hadi wekundu wote uwe umezama. Ukiacha wekundu juu ya uso wa mafuta, moto utawaka. Mara moja anza kulipandisha na kulishusha kidogo, bila kulitoa. Sababu ni kwamba chuma cha moto kinajivika blanketi la mvuke, na chini ya blanketi hilo hakipoi ipasavyo. Mwendo unalichana. Usilitikise kwenda pembeni, maana upande mmoja utapoa kabla ya mwingine na tindo litapinda.

Hesabu hadi 15, kisha subiri lipoe hadi uweze kulishika kwa glavu bila kuungua.

Moto ukiwaka juu ya mafuta, funika na mfuniko. Kamwe usimwage maji.

Kwa nini si maji? Chuma cha springi kimechanganywa na vitu kama manganizi, kromiamu au silikoni, vinavyoichelewesha kaboni kutoka. Mafuta yanatosha kuiwahi. Maji yanapoza kwa kasi ambayo hukuihitaji, na kasi ya ziada inalipwa kwa nyufa. Maji au maji ya chumvi, gramu 100 kwa lita, yaache kwa chuma chenye kaboni peke yake, bila vitu hivyo vingine, kama tupa kuukuu, ambacho mafuta yanaweza kushindwa kukiwahi.

Umefaulu ikiwa: hukusikia mlio, na gamba jeusi limebanduka mahalimahali kuacha kijivu safi.

## Hatua ya 6: Jaribu kwa tupa

Pitisha tupa kwenye ukingo. Chuma kilichokaa sawa kinaikataa. Tupa inateleza kwa mlio mwembamba kama uko juu ya kioo. Ikiuma kidogo mara mbili tatu halafu ikaanza kuteleza, ni ngozi tu iliyopoteza kaboni, endelea. Ikiuma moja kwa moja, ulizima kabla joto halijafika, au ulichelewa njiani. Rudi hatua ya 2, usirudie hatua ya 4 peke yake.

## Hatua ya 7: Rudishia moto mdogo, leo hii hii

Tindo ulilonalo sasa ni gumu na limejaa mkazo. Likianguka sakafuni linaweza kuvunjika. Likilala usiku kucha linaweza kupasuka lenyewe asubuhi ukalikuta na ufa ambao jana haukuwepo. Kwa hiyo ndani ya saa moja liingize kwenye oveni, nyuzi 200, kwa saa nzima. Kaboni inasogea hatua chache, inajikusanya kuwa chembe ndogo mno, na mpangilio uliovutwa unapumua.

Likipoa, sugua uso wa makali kwa msasa hadi ung'ae. Sasa elekeza taa ya gesi nyuma ya sehemu ngumu, sentimita 6 au 7 kutoka ukingoni, na tazama rangi zinavyotembea kuelekea makali. Nenda taratibu; moto mkali unaleta rangi nyembamba zilizobanana usizoweza kuzidhibiti.

Rangi hizi ni ngozi nyembamba ya kutu inayonenepa kadiri joto linavyopanda:

- Manjano ya majani makavu, karibu nyuzi 220: vikwaruzio na visu.
- Kahawia, karibu 255: patasi za mbao.
- Zambarau, karibu 275 hadi 280: tindo letu.
- Bluu, karibu 300: springi.

Zambarau ikigusa ukingo, chovya tindo ndani ya maji kulisimamisha. Maji hapa hayana madhara, kwa sababu hakuna ostenaiti ya kugeuka ghafla. Ikipita ikawa bluu, tindo litakata ila makali yatachoka mapema.

## Hatua ya 8: Noa na ulijaribu

Saga makali hadi pembe ya nyuzi 60 hivi. Chovya majini kila baada ya sekunde chache. Vaa miwani, weka fimbo ya chuma laini ya milimita 6 juu ya kipande cha chuma kisicho kigumu, ikate kwa mapigo kadhaa.

Kagua ukingo kwa mwanga wa pembeni. Ukiwa umemeguka, uliurudishia moto mdogo mno: pasha tena hadi zambarau iliyokolea. Ukiwa umejikunja, ulizidisha: rudi hatua ya 2. Ukiwa haujaguswa, kazi imekubali.

## Kama unataka kufanya hivi kwa aluminiamu

Usifanye. Kuna aloi (michanganyiko) za aluminiamu zinazopashwa na kuzimwa kwa maji, lakini zikitoka majini huwa laini. Kuzima kunanasa humo kasoro ya aina nyingine, nafasi tupu pasipo na atomu, nyingi kuliko zinazostahili kuwepo kwenye joto la kawaida. Kupitia nafasi hizo atomu za shaba au magnesiamu zinasafiri na kujikusanya, na aloi inakuwa ngumu saa au siku kadhaa baadaye ikiwa imekaa tu mezani. Anayezijaribu kwa tupa dakika tano baada ya kuzima anadhani ameshindwa, anarudia, na mara ya tatu anaziyeyusha jikoni. Aluminiamu haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo macho hayatakusaidia kama yanavyokusaidia kwenye chuma.

## Kulinoa baadaye

Kila utakapolinoa tindo kwenye jiwe la umeme, angalia ukingo. Ukitokea mstari wa bluu hata mwembamba, ugumu wa sehemu hiyo umeondoka na hakuna kuusubiri urudi. Saga taratibu kwa maji mpaka uupite mstari huo wote, kisha endelea na kazi. Ukifika mahali sentimita zote zilizozimwa zimekwisha, anza tena hatua ya 2.